Siku Vidole vya Mama Vilipotaifishwa

Haya niliyaona kwa macho yangu, na kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali niliyekula kiapo, nitayasema kama yalivyokuwa bila kumsingizia mtu. Nchi ni yetu. Jina lake silitaji, si kwa woga, ila limebadilishwa mara nne tangu nianze kazi na sina hakika la wiki hii ni lipi.

Zamani tulikuwa tukicheza mpira wa miguu kama nchi nyingine, na tulikuwa tukifungwa vizuri tu, bila malalamiko. Kisha Mlezi wa Taifa akaenda ziara ng'ambo, wenyeji wakampa zawadi ya gongo la besiboli. Alishuka kwenye ndege amelikumbatia kifuani. Kesho yake redio ikatangaza kwamba besiboli ni mchezo wa jadi wa mababu zetu, uliofichwa na wakoloni kwa wivu, na kwamba kila wilaya iunde timu kabla ya Ijumaa.

Kwa asiyeujua mchezo huu wa mababu, ni hivi. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja, anamtupia mpira mpigaji aliyeshika gongo. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, na huyo ndiye mwenye akili ya kazi nzima. Anamwonyesha mrushaji kwa vidole, pale kati ya mapaja yake, mpira gani atupe: wa kasi, wa kupinda, au wa polepole. Mpigaji hajui kinachokuja. Akikijua, mchezo umekwisha, kwa sababu mtu mzima mwenye gongo aliyepewa habari mapema hakosi. Mengine yote ni kukimbia na kujitupa mavumbini.

Mdakaji bora katika nchi alikuwa Shaame wa timu ya Chumvini. Shaame ni mdogo wangu, tumbo moja.

Mama yetu, Bi Mize, hasikii. Surua ilimpitia akiwa na miaka mitatu ikaondoka na masikio yake. Shule ya watu kama yeye haikuwapo, basi akajitengenezea lugha mwenyewe, neno moja moja, kwa vidole, kwa kidevu, kwa mabega, huku akianika chumvi. Akamfundisha baba, akatufundisha sisi. Shaame alijua kumwambia mama kwa vidole kwamba ana njaa kabla mdomo wake haujajua kusema chochote. Baba alipofariki, watu waliobaki duniani wanaoijua lugha ile walikuwa wanne: mama, Shaame, mimi, na Kombo, mtoto wa jirani ambaye alikula kwetu kuliko kwao. Kombo huyo alikuja kuwa mrushaji wa Chumvini.

Mnaelewa sasa kwa nini Chumvini haikufungika. Timu nyingine zilikuwa na ishara tatu nne za kukariri. Shaame na Kombo walikuwa wakipiga soga. Mpira wa kasi leo ulikuwa "uji unafurika", kesho "mbuzi amekata kamba". Wa kupinda ulikuwa "jirani anakuja na umbea wake". Wa polepole ulikuwa "baba amelala". Na katikati wakamsengenya mpigaji, ndevu zake, mwendo wake, mwenyewe kasimama hapo hapo na gongo lake hana habari.

Kitu kimoja tu kilimkera Shaame. Mama hakuwahi kumwona akicheza. Kanuni ya viwanja, kifungu cha pili, inasema kila anayeingia lazima aimbe wimbo wa taifa getini, beti zote tatu, kwa sauti ya kusikika. Mama alikwenda mara tatu na tiketi yake mkononi. Mara zote tatu askari walimwambia aimbe, na mara zote tatu alirudi nyumbani kwa miguu.

Ndipo Shaame akaweka nia. Nahodha wa timu inayotwaa Kombe la Mlezi hupewa nafasi ya kutoa ombi moja mbele ya Mlezi, na ombi hilo hukubaliwa papo hapo mradi lisiigharimu serikali kitu. Manahodha waliomtangulia waliomba picha na Mlezi. Shaame alisema akishinda ataomba mama aingie uwanjani bila kuimba. Aliwaambia wachezaji wenzake, akawaambia watu wa sokoni, akamwambia mama mwenyewe. Mama akashona gauni.

*

Mimi wakati huo nilikuwa Karani wa Vifijo, Daraja la Tatu, Wizara ya Michezo na Ushindi. Kazi yangu ilikuwa kugonga mihuri kwenye vibali vya kupiga makofi. Miaka kumi na miwili nilikuwa daraja lile lile, na sikunung'unika, ila mke wangu alinung'unika kwa niaba yangu.

Wizara ilikuwa na timu yake, Ngao ya Taifa, ambayo haikuwahi kufungwa. Timu pinzani zilikuwa zikipatwa na ajali za kiutawala: basi linazuiwa kwa ukaguzi wa matairi, au mrushaji anagundulika asubuhi ya mechi kuwa si raia. Lakini safari hii watu wa Chumvini walifika fainali wote, wakiwa na vyeti vya kuzaliwa vya mpaka babu zao. Waziri akaona imebaki sayansi.

Kwenye uwanja wetu wa taifa kuna picha ya Mlezi, ndefu kama nyumba ya ghorofa tatu, imesimama upande wa mbali, mkabala kabisa na mdakaji. Mafundi walitoboa jicho la kulia la Mlezi wakatia kamera ndani yake. Kamera ilivuta vidole vya mdakaji na kuvileta kwenye kioo katika chumba kilicho chini ya jukwaa la wageni. Humo ndani alikaa mtu wa simu. Upande wa pili wa simu, kati ya washangiliaji, alikaa mpiga Ngoma ya Uzalendo. Pigo moja, mpira wa kasi. Mapigo mawili, wa kupinda. Ngoma ikinyamaza, wa polepole. Nani angeshuku ngoma uwanjani?

Mtaalamu mmoja kijana aliuliza kwenye kikao kama huo si wizi. Waziri hakukasirika. Alivua miwani akamtazama kwa huruma.

"Ndugu mtaalamu," alisema, "ishara iliyofanywa ndani ya mipaka ya nchi, katika hewa ya nchi, chini ya jua la nchi, ni mali ya nani?"

"Ya nchi, Mheshimiwa."

"Basi sisi hatuibi. Tunakusanya chetu."

Tukapiga makofi. Kibali nilikuwa nimekigonga mapema.

Shida ilikuwa kusoma kilichokusanywa. Uliagizwa mtambo kutoka ng'ambo, ukalishwa picha zote za mechi za Shaame, ukafanya kazi siku tisa, ukatoa karatasi moja iliyoandikwa UJI. Iliundwa kamati ya kuchunguza uji. Kamati ikaandika ripoti ya kurasa sitini, ikapendekeza Chumvini wakatazwe kifungua kinywa. Fainali ilikuwa imebaki siku tano, na ndipo mtu fulani akafungua jalada langu akaona nilikozaliwa.

Waziri aliniita ofisini kwake. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo halikuwahi kunitokea.

"Ngwali, Shaame ni nani yako?"

"Ni mdogo wangu, Mheshimiwa."

"Anasema nini na vidole vyake?"

Nataka hili lieleweke vizuri: nilikataa. Nilimwambia Waziri machoni pake kwamba mimi si mtu wa kumsaliti ndugu yangu wa damu. Na kweli nisingeweza hata kama ningetaka, kwa sababu nilikuwa nimeondoka nyumbani miaka mingi na lugha ile ilikuwa imekua bila mimi. Shaame na mama walikuwa wakiongea kwa kasi ambayo macho yangu hayakuifuata tena. Nilipokwenda kuwasalimu nilikuwa nikikaa katikati yao nikicheka wakicheka, bila kujua kinachochekesha.

"Kwa hiyo hakuna anayeielewa?" Waziri aliuliza.

Ni hapo tu nilipomtaja mama.

*

Nilimfuata kwa gari la serikali. Nilimwambia kwa vidole vyangu vizito kwamba Wizara imemwandalia chumba chake maalumu, kwamba atamwona Shaame akicheza kwenye kioo kikubwa, na kwamba mlango wa chumba hicho hauna wimbo. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akanishika uso kwa mikono yake yote miwili, mikono ile iliyokauka kwa chumvi, akanibusu kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa nimevaa suti. Dereva alikuwa akitutazama kwenye kioo, nikaona haya, nikajitoa.

Njiani aliuliza, "Ataniona?"

"Hapana, mama. Wewe utamwona."

"Inatosha," akasema.

Alikuja na gauni lake jipya na kikapu cha mikate ya kumimina, aliyosema ni ya watu wa ofisini, maana si vizuri kwenda kwa watu mikono mitupu. Waziri alikula miwili.

Mechi ilianza saa tisa alasiri. Shaame alipotokea kwenye kioo, mkono wake mmoja tu ulikuwa mkubwa kuliko mlango. Mama alisimama akaenda kuugusa. Alicheka kwa ile sauti yake ambayo yeye mwenyewe haijui, na mtu wa simu akatazama chini. Kisha akarudi akakaa, akaanza kunisimulia. Hakuna aliyemwuliza kitu, naapa. Alikuwa anasimulia kama mama yeyote anavyosimulia mambo ya mwanawe, na kwa kunionea huruma alipunguza kasi ili nami nielewe.

"Anamwambia Kombo jirani anakuja," mama alisema. "Mtazame, anasema huyu mwenye gongo anatembea kama amekalia sisimizi."

Mimi nikamgeukia Waziri. "Wa kupinda, Mheshimiwa."

Sikutafsiri vidole vya ndugu yangu hata mara moja. Nilitafsiri vya mama. Tofauti hiyo niliieleza baadaye mbele ya tume, na tume iliikubali.

Mizunguko mitatu ya kwanza, wakati simu ilikuwa bado inakwaruza, Chumvini walipata mabao manne. Simu ilipotengemaa, ngoma ikaanza kazi. Ngao ya Taifa wakapiga mipira kama watu wanaopura mpunga. Wachezaji ambao msimu mzima hawakugusa kitu walikuwa wakipeleka mpira nje ya ukuta, wakizunguka uwanja wakipunga mkono. Shaame akabadilisha maneno, mama akayasoma, nami nikayapima: lenye haraka ni wa kasi, lenye ujanja ni wa kupinda, lenye utulivu ni wa polepole. Akabadilisha tena, akaleta vitu vya nyumbani kabisa, jina la paka aliyekufa, shangazi fulani aliyependa ugomvi. Mama alijipiga mapaja kwa furaha. Hakuelewa mchezo, alidhani kila mpira unaoruka mbali ni sifa kwa mwanawe, kwa sababu watu wote walikuwa wakisimama. Sikumwambia vinginevyo. Kufika mzunguko wa tisa walikuwa wametoshana, nne kwa nne.

Hapo Shaame aliomba mchezo usimamishwe kidogo. Alimwendea Kombo katikati ya uwanja wakanong'onezana. Nilimwona akisikiliza ngoma, akihesabu kwa kichwa. Kisha akarudi mahali pake, akachuchumaa, akainua uso akaitazama ile picha ya Mlezi muda mrefu. Huyu ni mtu aliyelelewa na macho ya mama yetu. Kioo cha kamera kiking'aa kwenye jicho, yeye anakiona.

Alishusha mkono kati ya mapaja. Hakutaja mpira. Aliuliza neno moja.

"Mama?"

Mama aliruka kutoka kitini. Alikijibu kioo kwa mikono miwili, kwa kasi ya kwao, "Ni mimi, baba, nipo, nakuona, nimevaa gauni," na sijui mangapi mengine.

"Amesema nini?" Waziri akauliza.

"Anapumzika tu, Mheshimiwa."

Kwenye kioo vidole vilisogea tena, polepole safari hii, kama mtu anayeandika barua. Hata mimi niliweza kusoma. "Mama, wanakutumia. Kama unaniona, ficha mikono."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka na kufungwa kwa wakati mmoja. Alimtazama mtu wa simu. Akamtazama Waziri, ambaye alikuwa na makombo ya mkate kidevuni. Akaufuata waya wa simu kwa macho mpaka ulipotokea dirishani. Mwisho akanitazama mimi. Alikaa, akavuta kanga yake, akaifunika mikono yake yote miwili magotini.

Mpigaji wa mwisho wa Ngao alikuwa amesimama tayari. Mpira mmoja nje ya ukuta na kombe ni lao. Shaame hakuwa na njia ya kujua kama mama ameona. Nadhani ndiyo sababu alichagua neno la zamani kuliko yote, ambalo hakuwa amelitumia tangu mechi hiyo ianze, akiamini kwamba kama mama amefumba mikono, hakuna mwingine chini ya jua anayelijua. Mimi sikumjia akilini. Hakuwahi kufikiri kwamba mimi naweza kuwa pale.

Vidole viwili vikalala juu ya kiganja. Baba amelala. Lilikuwa neno la kwanza tulilofundishwa mimi na yeye. Baba alikuwa akirudi kutoka kwenye chumvi asubuhi amechoka, na mama, ambaye kelele hazikumhusu, ndiye aliyekaa mlangoni kutuzuia tusipige kelele.

"Bi mkubwa kanyamaza," Waziri alisema. Kisha akanigeukia. "Ngwali. Umeona nini wewe?"

Hakunitishia. Watu wanapenda kusema nilitishiwa, na mimi huwaacha waseme. Aliuliza tu, kwa upole, na nilikuwa na miaka kumi na miwili katika Daraja la Tatu, na alikuwa amenikaribisha kiti.

"Wa polepole," nikasema.

Mama hasikii, lakini midomo ya wanawe ameisoma tangu ilipokuwa haina meno.

Ngoma ikanyamaza. Mpira ulipita juu ya kofia ya Mlezi pichani, na haukuonekana tena.

*

Chumvini walilalamika, na serikali, kwa kuwa ni ya haki, iliunda tume siku ile ile. Tume ilikiri kwamba ishara zilikuwa zimesomwa. Ikahukumu kwamba mwenye kosa ni aliyeziacha zikasomwa, kwa uzembe wa kutunza siri, na kwamba lugha yenye uwezo wa kuushinda mtambo wa serikali si kitu cha kuachwa mikononi mwa familia moja. Wiki iliyofuata ikapitishwa Sheria ya Vidole. Lugha ya mama yangu ikatangazwa kuwa mali ya taifa, na mtu yeyote haruhusiwi kuizungumza bila leseni.

Shaame alifungiwa kucheza maisha. Leseni hakupewa, kwa kuwa ni mzembe. Kombo hakuomba, alivuka mpaka na hatujapata habari zake. Mama aliambiwa ajaze fomu, na fomu ina sehemu ya mahojiano kwa sauti.

Mlezi naye alionyesha huruma yake. Alisikia habari za geti akaguswa, akaamuru kwamba watu wasiosikia wasiimbe tena, na mama akapewa kiti cha heshima, safu ya mbele, maisha yake yote. Kiti kina jina lake. Hajakikalia. Hakuna mtu wake anayecheza pale.

Shaame anaishi naye. Siku za Jumapili askari huja kukaa nao ukumbini kuangalia mikono. Nimepata kuwaona: wamekaa bega kwa bega, mikono magotini, wanatazama ukuta, na miaka yote ile ya soga imewakaa kooni. Mwezi uliopita askari aliandika barua Wizarani kuomba mwongozo. Alisema mdogo wangu ameweka mkono wake juu ya mkono wa mama na kuuacha hapo muda mrefu bila kuusogeza, akauliza kama hiyo nayo ni lugha. Barua ililetwa mezani kwangu. Nilikaa nayo siku mbili. Nikajibu kwamba si lugha, waachwe. Nikagonga muhuri.

Ililetwa kwangu kwa sababu mimi sasa ni Mkurugenzi wa Lugha ya Taifa ya Vidole. Leseni iliyotolewa nchi nzima ni moja, na ninayo mimi. Kwa mujibu wa sheria, mimi ndiye mtu pekee duniani anayeruhusiwa kuzungumza na mama yangu.

Ninakwenda kila mwezi. Nakaa mbele yake kwenye mkeka, naikunja mikono ya shati, namwambia. Nimefanya mazoezi, vidole vyangu vimelainika kidogo. Namwambia nisamehe. Namwambia kwamba nilidhani ni neno moja tu. Namwambia habari za wajukuu wake. Yeye hutazama mikono yangu kwa makini na adabu mpaka nimalize. Kisha hufanya kama afanyavyo kwa wageni wanaopita, watu ambao hawajui lugha yake na haifai kuwasumbua nayo. Hupeleka mkono mdomoni kuniuliza kama nimekula, hunionyesha mtungi ulipo kama nina kiu, na ninaposimama kuondoka hunisindikiza mpaka mlangoni, akatabasamu, akanipungia.